Gari la mbao likigoma kushuka: dalili, chanzo na tiba

Kabla hujaongeza uzito, zungusha matairi. Naanza na hilo kwa sababu gari la mtoto likichelewa, mkono wa mzazi hukimbilia nati na gundi. Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo, binti yangu wa miaka tisa akinitazama nikibandika nati moja baada ya nyingine, na gari likazidi kuwa zito bila kuongeza mwendo hata kidogo. Ugonjwa haukuwa kwenye uzito. Nitaueleza hapa chini.

Ninachozungumzia ni kigari cha mbao kisicho na injini wala betri, kinachoachiwa juu ya mteremko na kushuka kwa uzito wake chenyewe. Mchezo ulianza mwaka 1953 kule Manhattan Beach, California, na aliyeuanzisha ni Don Murphy, kiongozi wa skauti wadogo ambaye mwanawe alikuwa hajafikisha umri wa kushindana kwenye yale magari ya mteremko ambayo mtoto hupanda mwenyewe. Vipimo vya kule ndivyo tulivyovichukua hapa Nkuhungu, Dodoma: kipande cha msonobari cha inchi 7 kwa inchi 1 na robo tatu kwa inchi 1 na robo, misumari minne badala ya ekseli, matairi manne ya plastiki, na uzito usiozidi aunsi 5, yaani gramu 141.7. Kila njia yetu ni vipande vitatu vya plaiwudi vya futi 8 vilivyoungwa, ncha ya juu imeinuliwa futi 4, katikati pamepigiliwa ubao mwembamba unaopita kati ya matairi ili gari lisitoke. Tunaitandika uani chini ya mwarobaini, asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Kanuni ya kutafuta ubovu ni moja: gusa kitu kimoja tu, shusha gari mara tatu, andika. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya, na kesho ubovu ukirudi utaanza upya. Daftari akae nalo mtoto.

Gari linasimama kabla ya kufika

Linachomoka vizuri juu, linaingia kwenye tambarare, linalegea, linasimama. Ukilisukuma kwa kidole linasogea kidogo na kukwama tena.

Ligeuze matairi juu. Lisukume kila tairi kwa kidole, kwa nguvu ileile, na mtoto ahesabu sekunde mpaka lisimame. Usimhesabie. Idadi yenyewe haina neno sana. Unatafuta lile moja linalotofautiana na wenzake. Daftari letu siku ile lilisomeka hivi: mbele kulia 14, mbele kushoto 13, nyuma kulia 15, nyuma kushoto 4.

"Baba, hili la nne linaumwa."

Nikauchomoa msumari kwa plaizi. Pale tairi linapokaa palikuwa na kitu cheusi kimejiviringisha na kukaza kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Akausogeza msumari karibu na jicho, akaanza kuuchokonoa kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Ncha ikapatikana. Akavuta, ukatoka uzi wa karibu shubiri nzima, unang'aa. Rasta. Mama yake husuka wateja kibarazani, na sakafu hiyohiyo ndiyo tuliyokuwa tukilijaribia gari. Nati zangu sita za siku tatu zilikuwa zinalikandamiza tairi kwenye mabaki ya nywele.

Kwa hiyo chanzo cha kwanza ni uchafu: rasta, uzi wa zulia, na zaidi ya vyote vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma ni kavu, na upepo wa katikati ya mwaka unapitisha vumbi hata mahali ulipodhani umefunga. Chomoa msumari, futa, pitisha kitambaa kikavu ndani ya tundu la tairi.

Chanzo cha pili ni mafuta. Ukikuta utepe mweusi unaonata kuzunguka msumari, kuna mtu ametia mafuta ya cherehani, ya kupikia au ya mgando. Yanadanganya, kwa sababu dakika za mwanzo tairi linazunguka kama limerogwa. Baadaye yanakamata vumbi na mchanganyiko huo unageuka kuwa msasa. Safisha kwa spiriti, acha pakauke kabisa, kisha weka kilainishi kikavu, ambacho ni unga wa penseli.

Hapo neno letu wenyewe linaweza kutuponza. Tunasema "risasi ya penseli", lakini ndani ya penseli hamna risasi. Mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Grafiti ina tabaka nyembamba zinazoteleza moja juu ya nyingine, ndiyo inayolainisha. Udongo hausaidii kitu. Penseli ya HB ya shuleni ina udongo mwingi kuliko zile laini za kuchorea zenye alama ya 4B au 6B. Nunua 6B moja, isugue kwenye msasa laini juu ya karatasi, ikunje karatasi iwe mfereji, mimina unga kwenye tundu la tairi, kisha zungusha mpaka uenee. Mtoto atachafuka vidole mpaka kwenye kiwiko na atafurahi.

Ama risasi yenyewe, ile inayoyeyushwa kutoka kwenye betri chakavu, usiilete nyumbani kabisa kwa kazi hii. Najua ni nzito na inakaa pahala padogo. Ni sumu, na inamdhuru mtoto kuliko mtu mzima. Hakuna ushindi wenye thamani ya hilo.

Chanzo cha tatu ni msumari wenyewe. Pitisha ukucha chini ya kichwa chake: msumari wa dukani una mikwaruzo iliyoachwa na mashine iliyoubana ulipotengenezwa, na mara nyingi ukingo mkali pale kichwa kinapokutana na shina. Hivyo vyote vinalikwangua tairi. Ufunge msumari kwenye drili, mzazi ashike drili na kuiendesha taratibu, mtoto abane ukanda wa msasa kwenye shina; mikono ya shati ikunjwe na nywele zifungwe nyuma. Anza na tupa ndogo kwa ule ukingo, halafu msasa namba 400, halafu 800, halafu 1500 uliolowa maji, na mwisho dawa ya meno kwenye kitambaa. Ukiumaliza vizuri unaweza kuona dirisha ndani yake.

Cha nne ni haraka tu: tairi limebanwa kati ya kichwa cha msumari na bodi. Acha nafasi ya unene wa kadi ya benki. Ubavu wa bodi unaotazamana na tairi, usugue mshumaa.

Gari linavuta upande

Unasikia kabla ya kuona: kwaru, kwaru, gari likisugua ubao wa katikati njia nzima. Kila mguso unakula mwendo. Ukiligeuza utakuta matairi ya upande mmoja yamechubuka kwa ndani.

Chukua ubao ulionyooka wa mita moja hivi, inua kichwa chake kwa daftari kubwa moja, weka pimamaji kuukingama kuhakikisha haujalala upande, chora mstari wa chaki katikati, achia gari juu ya mstari. Likiuacha mstari kwa vidole viwili ndani ya mita hiyo, lina kazi. Rudia mara tatu, maana mkono wa anayeachia nao una upande wake.

Chanzo cha kawaida ni mashimo ya misumari yaliyopinda. Drili ya mkononi inategemea jicho, na jicho linadanganya. Kwa fundi seremala mwenye drili ya kusimama kazi hiyo ni ya dakika tano, na mtoto apelekwe akaone. Shimo likiwa limeshaharibika, jaza vijiti vya meno na gundi ya mbao, kata vilivyochomoza, acha usiku kucha, toboa upya. Usitoboe gundi ikiwa bado laini; ncha ya drili itakimbilia palepale pa zamani.

Likivuta kidogo tu, kuna njia nzuri zaidi. Pinda kidogo mno msumari mmoja wa mbele, ukate mfereji mdogo kwenye kichwa chake kwa msumeno wa chuma. Ukiuzungusha kwa bisibisi, tairi linageuka kushoto au kulia kwa unywele. Binti yangu ndiye mwenye bisibisi hiyo. Anazungusha kiasi cha mshale wa saa ya ukutani ukisogea dakika tano, anaachia, anaandika, anazungusha tena. Ilimchukua mara kumi na moja kulinyoosha, na nilijizuia kusema neno.

Halafu kuna ugonjwa ambao ni wa hapa hasa. Msonobari mwingi tunaonunua unatoka Mufindi, kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill, na unafika Dodoma kwa malori ya barabara ya Mtera. Kule ni ukungu, huku ni upepo mkavu. Mbao ikiingia kwetu ikiwa bado mbichi, inaendelea kukauka mikononi mwako, na mbao haisinyai sawa pande zote: kwa urefu wa nyuzi karibu haipungui, ila kwa upana inapungua sana. Mashimo manne uliyoyapanga kwa rula yanahama kila moja kwa njia yake. Gari letu la kwanza lilikuwa limenyooka mwezi wa pili. Mwezi wa sita likawa linavuta kushoto, misumari inachezacheza kwa kidole, na mizani ikasema gramu 135 badala ya 141. Hakuna aliyeligusa.

Tiba yake ni subira kabla ya kukata. Kata kipande kikubwa kidogo kuliko unachohitaji, kipime, andika gramu na tarehe ubavuni kwa penseli, kiweke ndani juu ya kabati mbali na jua. Kipimeni tena kila Jumapili. Namba zikiacha kushuka, mbao imekauka na sasa mnaweza kuchora. Kwa mtoto hizo wiki ni ndefu, lakini ile safu ya namba zinazopungua inamshika kuliko nilivyotarajia. Wa kwangu alikuwa ananiuliza maji yameenda wapi.

Asiyeweza kusubiri atafute mbao ya zamani: ubao wa paleti, fremu iliyong'olewa. Ila aangalie ni mti gani. Kipande cha vipimo vyetu kina ujazo wa sentimita za ujazo 250 hivi; kikiwa msonobari mkavu kina gramu 110 au 120, kikiwa mninga kinaweza kufika 150, yaani kimeshapita kikomo kabla hakijavaa tairi. Mninga unafaa ukiwa tayari kuchonga mwingi utoke.

Linapitwa kwenye tambarare, au linachelewa kutoka

Hapa sasa ndipo uzito unapoingia, baada ya matairi kuthibitishwa kuwa mazima.

Likitoka sawa na wenzake kisha likapitwa mwishoni, yaelekea ni jepesi. Mtoto atauliza kwa nini, maana darasani ataambiwa kwamba vitu vizito na vyepesi huanguka sawa. Ni kweli, pasipo hewa. Hewa inalisukuma nyuma gari zito na jepesi kwa nguvu ileile likiwa na umbo lilelile, na matairi yanachukua sehemu ya nguvu ili yazunguke. Gari zito lina akiba kubwa ya kulipia vyote viwili. Kwa hiyo karibia gramu 141 bila kuzivuka. Nati ya spana namba 13 ina gramu 5 hivi, ni kipimo kizuri cha kuongezea. Chimba shimo chini ya bodi, zitie humo kwa gundi, zisining'inie zikagusa ubao wa katikati.

Likipitwa ingawa gramu zimetimia, angalia uzito umekaa wapi. Gari likiwa kwenye mteremko, matako yake yako juu kuliko pua. Uzito ukikaa nyuma unaanzia juu zaidi, una safari ndefu zaidi ya kushuka. Kwenye mteremko wetu, kurudisha kitovu cha uzito nyuma kwa sentimita 2.5 kunakiinua zaidi ya sentimita 1. Kati ya sentimita 120 za kushuka ni kama asilimia 1. Inaonekana ndogo. Mpaka mwisho wa njia inakuwa kama vidole viwili mbele ya mwenzako, na nimeona mbio zikiamuliwa kwa pungufu ya hapo. Lisawazishe gari juu ya penseli: sehemu linapobaki bila kuangukia upande wowote ndipo kitovu chake. Kiwe sentimita 2.5 mbele ya misumari ya nyuma.

Likichelewa kutoka tangu juu, sababu huwa ni matairi mazito, hasa ya mbao au yaliyopakwa rangi nene. Kila gramu iliyoko ukingoni mwa tairi inabidi isafiri na izunguke pia.

Linanyanyua pua

Pale mteremko unapokutana na tambarare, pua inaruka na gari linatoka njiani. Umezidisha kurudisha uzito nyuma. Hamisha nati moja mbele. Likiendelea, papasa kiungo cha plaiwudi kwa kiganja. Ukihisi ngazi, hata ya unene wa karatasi, ipitishe randa au msasa.

Linatetemeka njia nzima

Tairi si duara, au tundu haliko katikati. Lizungushe ukiwa umeshika ncha ya penseli karibu na ukingo wake bila kugusa: pengo likipanuka na kusinyaa, ndilo hilo. Tairi la kukatwa kwa kisu kutoka kwenye ndala karibu daima lina shida hii, na hata likitoka duara kamili bado litachelewa, kwa sababu mpira unabonyea kila unapokanyaga na kubonyea huko kunakula nguvu. Ndala ni nzuri kwa gari la kuvuta kwa kamba kwenye mchanga. Kwenye plaiwudi tafuta plastiki ngumu, hata ya mwanasesere aliyevunjika.

Mtoto amerudi nyuma

Hii nayo ni dalili, na naiweka hapa kwa sababu gari haliwezi kupona dalili hii ikiwepo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yako, sasa ameegemea ukuta. Anajibu "ndiyo baba" kwa kila kitu. Anauliza kama anaweza kwenda kwa jirani.

Chunguza mikono yako. Mara nyingi utakuta umeshika msumeno, penseli na daftari, vyote vitatu. Kwangu ilitokea siku ya kuchonga bodi. Alikuwa amesugua ubavu wa kushoto kwa msasa mahali pamoja mno mpaka pakawa na bonde, nami nikamnyang'anya ili "nilinganishe kidogo". Alikaa kimya mpaka magharibi.

Nilimrudishia msasa asubuhi yake, na lile bonde lipo mpaka leo. Halimpunguzii kitu. Kwenye njia kama yetu gari haliwezi kufikisha mita 5 kwa sekunde, na kwa mwendo huo umbo la bodi lina neno dogo sana likilinganishwa na msumari mmoja mchafu. Kwa hiyo bodi ndiyo sehemu ya kumwachia mtoto akosee apendavyo. Mbao ifungwe vizuri kwenye jiriwa, msumeno uwe mdogo wenye meno laini, mkono wake mwingine uwe mbali, wewe usimame karibu. Mstari utapinda. Uache upinde.

Na akishindwa akalia, usikimbilie kueleza kosa lilikuwa wapi. Binti yangu huliweka gari kwenye mfuko wa sketi na kuondoka. Baada ya chai hurudi mwenyewe, analigeuza matairi juu na kuanza kuhesabu.

Njia moja inashinda kila mara

Badilishaneni njia. Ushindi ukibaki kwenye njia ileile hata gari likihama, ubovu ni wa plaiwudi: imelala, ina vumbi, au ina kiungo kibaya. Pimamaji na brashi kavu. Usifute kwa maji, mbao itavimba.

Limeanguka dakika kumi kabla ya zamu yake

Usilitie gundi, haitakauka. Ligeuze, zungusha yote manne, mtoto ahesabu. Msumari uliosukumwa ndani utafanya tairi likwame: uvute kwa plaizi, pitisha kadi kupima nafasi. Uliopinda utatetemesha tairi: uchomoe, uviringishe juu ya kioo cha simu kilichozimwa uone unapoinuka, uweke juu ya jiwe bapa na uugonge mara moja kwa upole. Rudisha, tia unga wa penseli, achia kwenye sakafu likimbie kidogo. Likienda sawa, mkabidhi mwenyewe alipeleke kwenye mizani.